Mguu wa Lugembe na Oili ya Difu

Rahel mwanangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na ni heri ulijue hilo mapema, usije ukaona mwandiko umekwenda upande ukadhani ni machozi ya kuagana. Sasa hivi ni alasiri. Nakusikia uani unacheka na mama yako mkilifunga sanduku kwa kamba, naye anakukumbusha kwa mara ya nne habari ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomkabidhi mtu tikiti yako ya treni hata kama amevaa tai. Hayo ni yake na anayajua kuliko mimi. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu kwa sababu ya jambo lililotokea leo kanisani.

Mzee Elia alisimama kukuaga. Akasema kwamba binti huyu anayekwenda pwani kusomea unesi hatapotea, maana ametoka mikononi mwa fundi ambaye tangu ashike spana hajawahi kumharibia mtu gari. Watu wakaitikia kwa sauti. Wewe ukapiga makofi, ukanigeukia macho yanang'aa kwa fahari, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Unyenyekevu gani! Nilikuwa nauficha uso.

Mzee Elia hana kosa, amesema anachokijua, na Jumapili ijayo nitamwendea mwenyewe. Lakini wewe unaondoka kesho, na sitakubali upande treni umebeba sifa ya uongo kifuani kama kitu cha thamani ulichopewa nyumbani. Kwa hiyo kaa chini, usome mpaka mwisho, na usije kunibembeleza katikati.

Ulikuwa na miaka sita. Kabla hatujahamia hapa Itetemia tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikinunua nta na asali, nami nilikuwa fundi wa pili katika gereji yao. Msimamizi wetu alikuwa Mzungu tuliyempa jina la Bwana Saa, kwa sababu hakuwahi kukutazama usoni kabla ya kutazama mkono wake wa kushoto. Kulikuwa na pikapu ya kijivu iliyokwenda Ipole kila wiki kuchukua nta kwa warina asali, na dereva wake alikuwa Lugembe, mtu wa Ziba.

Nataka umjue Lugembe. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kuendesha polepole mpaka makarani wakimtania kwamba kanga wanampita barabarani. Akiona mama ana mzigo kichwani, anasimama. Na alikuwa hanywi. Baba yake aliangamia kwa pombe, ng'ombe wote wakaondoka zizini mmoja mmoja, na mama yake akamwapisha akiwa bado kijana kwamba midomo yake haitagusa kitu kilichochachuka. Katika sherehe zetu yeye alikunywa maji. Shika hilo, maana ndilo linalonichoma zaidi.

Sasa difu. Umeiona mara nyingi bila kuijua jina: ni lile tumbo la chuma lililovimba katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia mbili kubwa zinazoumana meno, moja inapokea nguvu inayotoka kwenye injini, nyingine inaipeleka magurudumuni. Gia hizo zinaoga ndani ya oili nzito yenye kunuka kiberiti, harufu ambayo mama yako ameisugua mashatini mwangu kwa majivu miaka nenda rudi na bado haijatoka. Oili hiyo ikichoka unaimwaga, unatia mpya. Si kazi ya kumtisha mtu. Kuna nati mbili tu: ya chini ya kumwagia, na ya ubavuni, juu kidogo, ya kujazia.

Kalasinga mzee aliyenifunza kazi alikuwa mtu wa maneno machache na makonzi mengi. Habari ya difu alinipa kwa maneno haya: "Yosefu, juu kwanza. Juu nakataa, chini hapana gusa." Maana yake ni kwamba lazima uhakikishe tundu la kujazia linafunguka kabla hujamwaga hata tone moja, la sivyo utabaki na difu tupu usiyoweza kuijaza. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina lako.

Asubuhi ile nilianza na ya chini.

Nimejiuliza sababu mara nyingi, na jibu linanitia hasira kwa udogo wake. Nilikuwa nimeifanya kazi ile mara nyingi mno, nikajiona nimeyapita mafunzo ya yule mzee. Basi. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na njaa, hakuna aliyenilazimisha. Nikakinga debe, nikalegeza nati ya chini, oili ikashuka nyeusi, na ndani yake chembe za chuma zikimetameta kama vumbi la madini. Nikairudisha nati, nikaikaza vizuri. Kisha nikaenda kwenye ile ya juu, nayo ikakataa.

Ilikuwa imeshikwa na kutu mpaka imekuwa kitu kimoja na difu. Nikaivuta kwa spana, pembe zake zikalika. Nikaimwagia mafuta ya taa, nikasubiri. Nikaja na patasi na nyundo, ikaniachia alama nyeupe tu. Nilikuwa bado chini ya gari, jasho linaniingia machoni, nilipoviona viatu vya Bwana Saa karibu na kichwa changu.

"Gari tayari?"

Nikatoka. "Bado kidogo, Bwana. Kuna nati ya—"

"Mimi hapana uliza nati. Mimi uliza gari. Jana wewe sema saa mbili. Sasa saa mbili na nusu. Wewe fundi au wewe mpishi?"

Wenzangu wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kile tu cha watu wanaofurahi kwamba leo zamu ya kutukanwa si yao. Lugembe hakucheka. Alikuwa amekwisha kupakia magunia na madebe matupu, amesimama mlangoni mwa gari akinisubiri.

Kulikuwa na neno moja la kusema. "Halina oili." Au hata "bado", hilo hilo nililokuwa nimelianza. Bwana Saa angenitukana, pengine angenikata zamu au kunifukuza. Hakuwa na uwezo wa kunifanya zaidi ya hayo.

Nikasema, "Tayari, Bwana."

Akanipa kitabu cha gereji palepale, nikaandika kwa mkono ule ule ninaokuandikia sasa: oili ya difu imebadilishwa. Nikatia sahihi. Nikajiambia kwamba mafuta yaliyobaki yamegandamana kwenye meno ya gia yatatosha kwenda na kurudi, kwamba kesho nitaichoma ile nati kwa moto, kwamba nitamvuta Lugembe pembeni nimwambie aende taratibu na asimame kila mara. Nikamwendea kweli. Akawa wa kwanza kusema.

"Fundi, nikuletee asali ya Ipole?"

"Niletee," nikasema.

Akawasha gari, akaondoka. Hayo ndiyo yote niliyomwambia.

Rahel, babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na nta begani kutoka hapa hadi pwani, safari za miguu za miezi, na unapopita kwa treni kesho ujue kwamba nchi hiyo yote aliipima kwa nyayo zake. Alinisimulia kwamba katika msafara, mtu aliyehisi kamba ya mzigo wake imelegea alitoka mstarini, akapaza sauti, akautua chini mbele ya wote. Mnyapara alimtukana, wenzake walimzomea, lakini ilikuwa afadhali kuliko mzigo kumwangukia aliye nyuma yako kwenye mteremko. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika, aliyetembea peku, aliweza kupaza sauti. Mwanawe, mwenye viatu na sahihi, akashindwa.

Alasiri dereva wa lori la mbao alileta habari kwamba pikapu yetu imepinduka mbele ya Sikonge, kwenye mteremko wa kijito. Tukaondoka na lori la kampuni, mimi, Bwana Saa na wapakizi wawili. Tulikuta pikapu imelala ubavu, magunia yametapakaa vichakani. Lugembe alikuwa amekwisha kuchukuliwa na watu wa misheni kupelekwa hospitali. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umebanwa chini ya mlango kwa muda mrefu kabla hawajapatikana watu wa kuliinua gari.

Bwana Saa akawa anatembea barabarani akitazama alama za matairi. Mimi nikaenda kwenye difu. Tumbo lake lilikuwa limegeuka rangi ya buluu kwa joto. Gia zilikuwa zimeungua, zikashikana, magurudumu ya nyuma yakafungwa gari likiwa linateremka. Na nati ya chini ilikuwa pale pale, imekazwa, safi, haijavuja hata tone. Mtu yeyote mwenye akili angeifungua, akakuta ndani pakavu, akauliza oili ilikwenda wapi.

Sasa soma polepole, maana hili hata mama yako nilichelewa kumwambia.

Nilikuwa na spana mfukoni. Nikaifungua ile nati, nikaitupa mbali majanini. Nikaokota jiwe, nikapiga ukingo wa tundu mara mbili ili paonekane pamegongwa. Kisha nikaita, "Bwana, nati ya chini imeng'oka. Imepigwa na jiwe njiani, oili yote imemwagika."

Bwana Saa hakuinama hata kutazama. Alisema, "Mbio. Pombe." Maneno mawili, kisha akatazama saa.

Hapo hasira zangu zinagawanyika mara mbili, na nusu moja haiponyi nyingine. Yule mtu alikuwa na dereva asiyewahi kukimbiza gari wala kuonja pombe, amefanya naye kazi miaka minne, na hakumjua hata kidogo! Hakumuuliza mpakizi wala karani yeyote. Kwake ilitosha kwamba dereva ni mtu mweusi na gari limeanguka. Maneno yale alikuwa nayo tayari mdomoni tangu alipotoka kwao. Ningesema kwamba Lugembe alilala, angeandika alilala. Ilikuwa rahisi hivyo.

Lakini usije ukasema, kama nilivyokusikia wiki iliyopita ukibishana na mjomba wako, kwamba kosa lote ni la wakoloni. La Bwana Saa ni lake na atalijibu kwa Mungu wake. Nati ilitupwa na mimi. Yeye alichimba shimo la uongo miaka mingi kabla. Mimi nikamsukumia rafiki yangu ndani yake.

Shauri la Lugembe lilisikilizwa Boma akiwa amekaa juu ya kiti alicholetewa, kwa kuwa hakuweza kusimama. Taarifa ya kampuni ilisomwa. Kitabu changu kilionyeshwa: oili ilikuwa imebadilishwa asubuhi ile ile. Wakamnyang'anya leseni, kampuni ikamfukuza, na katika karatasi ikaandikwa kwamba aliendesha kwa mwendo wa hatari akiwa amelewa. Hakuna shahidi aliyemwona akinywa. Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake.

Nilimpelekea chakula hospitalini kila Jumamosi. Mara moja ulikuja nami, ukachezea gongo lake la kutembelea ukilifanya farasi, naye akacheka. Kila mtu alinisifu kwa wema huo. Mwaka uliofuata nikafanywa fundi mkuu, tukapewa nyumba ya bati, na watu wakaanza kusema kwamba gari lililopita mikononi mwa Kapela halirudi na kasoro. Ni kweli halikurudi. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba kila nati niliigusa mara tatu. Sifa niliyopewa leo kanisani ilizaliwa hapo.

Ikapita miaka tisa. Unaikumbuka samli ya Ziba? Ile iliyokuja katika kibuyu, ukaila na viazi wiki nzima ukasema hujapata kuonja nyingine kama hiyo? Nilikuwa nimekwenda mnadani kununua mbuzi. Nikasikia mtu anaita, "Fundi! Fundi Kapela!" Nikageuka nikamwona Lugembe anakuja kwa kuchechemea, fimbo mkononi, anaswaga ng'ombe wa watu wengine. Alinikumbatia mbele ya umati. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye ndugu yangu. Wote walinikimbia, huyu alikuja hospitali kila juma." Akanilazimisha kupokea kibuyu cha samli alichokuwa amekileta kuuza.

Sikuweza kuila. Mama yako aliona. Siku ya tatu akaniketisha chumbani, akafunga mlango.

"Baba Rahel, una nini na kibuyu kile?"

Nikamwambia yote, mpaka nati majanini. Nilitarajia atalia au atanifariji. Mama yako hakufanya hata kimojawapo.

"Nilikuwa nampikia," akasema. "Kila Jumamosi nilikuwa nampikia yule mtu, nawe unakipeleka chakula changu ukamfunge nacho mdomo."

"Sikukusudia—"

"Sijakuuliza ulikusudia nini. Basi la Ziba linaondoka lini?"

Nikaondoka siku iliyofuata. Nilimkuta Lugembe nyuma ya zizi la tajiri mmoja, anashona kamba ya ngozi. Akafurahi, akataka kuagiza maziwa. Nikamwomba asiagize kitu. Nikamwambia nikiwa nimesimama.

Hakuniingilia hata mara moja. Nilipomaliza aliendelea kushona mishono mitatu au minne, kisha akaweka kamba chini.

"Nilisikia inalia," akasema. "Tulipopita Sikonge tu. Sauti nyembamba, kama mtoto. Nilitaka kusimama. Halafu nikasema, hapana, Yosefu ndiye aliyeishika asubuhi hii, itakuwa oili mpya inazoeana na gia. Nikaendelea."

Rahel, nimetukanwa na Wazungu, nimepigwa na Kalasinga, lakini sijawahi kupigwa kama kwa maneno hayo. Mtu alisikia hatari kwa masikio yake mwenyewe, akayakataa masikio yake kwa sababu aliniamini mimi.

"Nisamehe," nikasema.

Hapo ndipo akakasirika. Alisimama, na kusimama kwake kulimchukua muda, nami sikuthubutu kumsaidia.

"Umekuja kuomba? Miaka tisa, Fundi! Nilimlaumu Mungu, nikamlaumu Mzungu, nikajilaumu mimi mwenyewe. Nikasema labda kweli nilikwenda mbio bila kujua. Wewe peke yako sikukulaumu. Nilikuombea kwa jina! Na hapa kijijini mimi ni nani, unajua? Mimi ni mlevi aliyeangusha gari la Mzungu. Kama baba yangu. Mama yangu alilisikia hilo, na hajaniuliza kama ni kweli, kwa sababu anaogopa jibu. Ananipenda na haniamini. Sasa unaniomba msamaha hapa nyuma ya zizi, panaposikia ng'ombe? Nenda ukaseme pale palipoandikwa."

Nikaenda. Na kama unadhani kwamba mtu akiamua kusema kweli milango inafunguka, subiri usikie. Karani wa Boma alinitazama kama mwendawazimu. "Mzee, unataka kujifunga mwenyewe? Faili hilo limekwisha." Nikarudi siku ya pili, akaniambia Bwana DC yuko safarini. Siku ya tatu, mchwa wamekula makaratasi ya miaka ile. Kwenye kampuni nako, Bwana Saa alikuwa amekwisha kurudi kwao Ulaya, na aliyekuja badala yake akaniambia kwa upole kabisa kwamba jambo hili halina faida kwa mtu yeyote. Halina faida! Kuna mtu anaswaga ng'ombe wa wenzake akiitwa jina la baba yake, naye ananiambia faida!

Nilipoendelea kusema, wakanifukuza. Wewe uliambiwa kwamba baba amechoka kuajiriwa, anataka banda lake mwenyewe huku Itetemia. Ule ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwako, na sasa nimeufuta.

Nilikwenda Boma kwa muda wa miezi mitano, na nilikuwa tayari kufungwa. Hata kufungwa walininyima, kwa sababu kesi yangu ingewauliza wao pia jinsi walivyomhukumu mtu kwa ulevi bila shahidi aliyemwona akinywa. Mwishoni akaja bwana shauri kijana, mgeni, ambaye alikuwa bado hajajifunza kuchoka. Akanisikiliza, akalitafuta faili. Mchwa hawakuwa wamekula hata pembe yake. Nikatoa maelezo yangu, nikaweka sahihi, na baada ya wiki kadhaa ikatoka karatasi moja na leseni mpya. Nilitafuta katika karatasi ile neno "pole". Halikuwamo. Wakamrudishia Lugembe leseni ya kuendesha gari, mtu ambaye mguu wake wa kushoto hauwezi tena kukanyaga klachi.

Nilimwomba karani aiandike karatasi ile kwa Kiswahili, apige na muhuri, na hilo akalifanya.

Kesho kutwa, mwanangu, utavalishwa gauni jeupe, na baadaye utapewa kalamu na karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda cha mgonjwa. Utaandika kwamba dawa imetolewa, kwamba kidonda kimesafishwa. Kutakuwa na mkubwa mwenye haraka atakayekuuliza mbele ya wenzako kama tayari. Utakosea, maana kila mwenye mikono hukosea, na mimi sikukasirikii hilo hata kidogo kabla halijatokea. Wakati huo mgonjwa atakuwa bado kitandani, mbele yako, na kosa litakuwa bado dogo kama nati iliyoshikwa na kutu. Sema hapo hapo, waache wacheke. Mimi nilikikwepa kicheko cha asubuhi moja kwa mguu wa mtu mwingine, na sina ninachoweza kukufundisha kikubwa kuliko hicho.

Nikirudi kwa Lugembe. Nilifika Ziba na ile karatasi siku ya gulio. Nilidhani nitampa mkononi niondoke. Akaipokea, akautazama muhuri wake, kisha akanirudishia.

"Mimi naweza kuisoma," akasema. "Lakini sitaisoma mimi."

Akatangulia kwa fimbo yake mpaka nyumbani kwa mama yake, na njiani akawa anawaita watu. Walikuja majirani, waliotoka gulioni, yule tajiri mwenye ng'ombe. Mama yake alitolewa nje akaketishwa kwenye kigoda. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, nami nikapiga magoti nikamwamkia kama mama yangu.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani?"

"Ni Fundi Kapela," Lugembe akajibu kabla yangu. "Ana karatasi ya Serikali. Anaisoma."

Nikasimama, nikasoma. Kwamba imeonekana dereva Lugembe hakuwa amelewa siku ile, wala hakuwa akienda mbio. Kwamba gari lilitolewa gereji likiwa halina oili katika difu. Kwamba kosa hilo, na la kuficha alama zake baadaye, ni la fundi Yosefu Kapela kwa kukiri kwake mwenyewe. Jina langu lilinitoka mdomoni kama mfupa. Mtu mmoja akatema mate chini karibu na mguu wangu, na nikaona ni haki yake.

Yule mama alikuwa amegeuza sikio. Hakunitazama. Alinyoosha mkono hewani mpaka ukampata mwanawe, akamshika pindo la shuka.

"Ule mstari wa kwanza," akasema. "Usome tena."

Nikausoma tena.

"Tena."

Nilisoma nimesimama juani, Rahel, mpaka sauti ikakauka, na kila nilipofika mwisho wa mstari ule yeye alikuwa akisema tena, na Lugembe amesimama kando yake amefumba macho, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kwamba inatosha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sanduku lako nalisikia limekwisha fungwa.

Mimi baba yako,
Yosefu Kapela